UZI: Kodi ya kozi chuoni inasomwaje? Zile herufi na namba zina maana, zisome kabla hujasajili

#1 Karani_wa_Transkripti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wadogo zetu wameshapata vyuo, na muda si mrefu watakaa mbele ya mfumo wa usajili wakiangalia orodha ya vitu kama DS 112, SMA 2101, NMT 05210. Wengi watabofya tu, kwa sababu jirani amebofya. Ndicho nilichofanya mimi, na kiliniumiza.

Nilikuwa mwaka wa kwanza. Kwenye mfumo zilikuwapo kozi 2 za Stadi za Mawasiliano: jina lilelile, herufi zilezile, namba zimepishana kwa 1. Nikachagua ya juu. Nilihudhuria vipindi vyote, nikafanya tesiti zote mbili na mtihani wa mwisho wa semista. Matokeo yalipotoka, kozi niliyoisajili ilionyesha sikutokea kwenye mtihani, na kozi niliyoisoma haikuwa na jina langu popote. Ile ya juu ilikuwa ya watu wa sayansi, mimi nilikuwa wa sanaa. Hakuna aliyenionea. Ofisini waliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mfumo unaijua kodi, haujui jina la kozi. Nikairudia mwaka wa pili, nimeketi katikati ya fesi yea, saa ambayo wenzangu walikuwa na kipindi kingine.

Leo kazi yangu inanikutanisha na transkripti, zile karatasi rasmi za matokeo ya chuo, kila siku, na bado nawaona vijana wenye kidonda kilekile. Kwa hiyo naomba tuelezane hapa, kila mtu na chuo anachokijua.

Kodi ya kozi karibu kila mahali ina vipande 2. Herufi zinakwambia nani mwenye kozi: idara, kitivo, au kitengo kinachofundisha kozi za lazima kwa chuo kizima. Namba zinakwambia kozi imekaa wapi kwenye safari yako: mwaka, wakati mwingine semista, na mwisho namba ya orodha tu, kama namba ya mlango. Tarakimu ya kwanza kushoto ndiyo nzito. Za mwisho kulia mara nyingi hazina siri yoyote, isipokuwa pale kozi zinapofuatana, ya Kwanza na ya Pili, ambapo huwezi kuingia ya pili bila kufaulu ya kwanza.

Jambo moja lisisahaulike: kodi haikwambii kama kozi ni ya lazima au ya kuchagua. MT 2 na kitu, yaani ya hisabati ya mwaka wa pili, inaweza kuwa ya lazima kwa anayesoma hisabati na ya hiari kwa anayesoma uchumi, na kodi ni ileile. Hilo lipo kwenye prospektasi, yaani kitabu cha chuo kinachoorodhesha programu na kozi zake, kwenye ukurasa wa programu YAKO. Prospektasi ni ndefu na inachosha, lakini kurasa zinazokuhusu hazizidi 4 au 5. Zisome.

Karibuni.

#2 Yombo_4

Asante mkuu kwa uzi. Niongeze ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana niliishi kwenye kumbi zile.

Pale mtindo ni herufi 2 na tarakimu 3. MT hisabati, PH fizikia, CH kemia, DS ni Taaluma za Maendeleo. Tarakimu ya kwanza ni mwaka: 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili, 3 wa tatu, na wanaosoma miaka 4 wanakutana na 4. Ukiona inaanza na 6, hiyo ni ya uzamili, si yako.

Kuna la kuongeza kuhusu kodi kubadilika. Kaka zetu walisoma DS 101 na DS 102. Wadogo zao wakaja kukuta DS 112 na DS 113. Mtu mwenye keri ya zamani, yaani kozi aliyofeli na anayotakiwa kuirudia, akiingia kwenye mfumo anatafuta kodi yake haioni, anadhani kozi imefutwa na yeye amesamehewa. Hujasamehewa ndugu yangu. Nenda idarani uulize kodi ipi imechukua nafasi ya ile, na uondoke na jibu la maandishi.

#3 Muuguzi_Mtarajiwa

Samahani kaka mleta uzi, mimi sipo chuo kikuu, nipo chuo cha afya ngazi ya cheti. Sisi kodi zetu ni ndefu, zina tarakimu 5. NMT 04101, halafu mwakani nasikia zitakuwa NMT 05 na kuendelea. Hiyo sifuri mbele ni ya nini?

#4 Karani_wa_Transkripti

Mdogo wangu, swali zuri sana, na nyinyi mna kodi inayosema mengi kuliko ya chuo kikuu chochote hapa nchini.

Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo zamani tukiiita NACTE, vinafuata ngazi za NTA, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi. Ngazi ya 4 ni cheti cha awali, ya 5 ni cheti cha fundi sanifu, ya 6 ni stashahada, ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada, ya 9 uzamili, ya 10 uzamivu. Kwa kuwa ngazi zinafika 10, wameipa ngazi tarakimu 2, ndiyo maana unaona 04, 05, 06.

Sasa soma yako. NMT ni moduli za uuguzi na ukunga. 04 ni ngazi ya 4. Tarakimu inayofuata, 1, ni semista ya kwanza. 01 ya mwisho ni namba ya moduli. Kwa hiyo NMT 05210 ni uuguzi na ukunga, ngazi ya 5, semista ya pili, moduli ya 10. Ukiielewa hii huhitaji kuuliza mtu "moduli hii ya lini", kodi imeshakujibu.

Na zingatia neno: kwenu ni moduli. Wenzako wa chuo kikuu wanasema kozi. Ukienda ofisini tumia neno la chuo chako, vinginevyo mtapishana.

Hapohapo kuna mtego mkubwa unaowapata wanaoomba vyuo vya Uingereza, na naomba niukazie. Waingereza nao wana ngazi zenye namba. Ngazi ya 4 kwao ni mwaka wa KWANZA wa shahada. Ya 5 ni mwaka wa pili, ya 6 ni mwaka wa tatu, ya 7 ni uzamili. Kwetu ngazi ya 4 ni cheti cha awali, ambacho mtu anaingia na cheti chake cha kidato cha nne. Nimeona kijana mwenye stashahada ya NTA ngazi ya 6 akijaza fomu ya uzamili kwa sababu tovuti ya chuo cha huko iliandika kwamba anayetaka uzamili awe amemaliza ngazi ya 6. Alilipa ada ya maombi, akasubiri miezi, akakataliwa kwa sentensi moja. Namba ileile, ngazi tofauti kabisa. Ukiona neno ngazi, uliza kwanza: ngazi ya mfumo wa nani?

#5 Komredi_wa_Juja

Wadau wa Tanzania, salamu kutoka Kenya. Kwanza tuelewane kwa lugha: sisi hapa kozi ni ile digrii nzima, kwa mfano "nasomea kozi ya uhandisi". Hiki mnachokiita kozi, sisi ni yuniti. Mkenya akikuambia amefeli kozi, msimwonee huruma kupita kiasi kabla hamjauliza ni yuniti au ni kozi nzima.

JKUAT, chuo cha Jomo Kenyatta kilichopo Juja, tuna herufi 3 na tarakimu 4. Kwa mfano SMA 2101 ni Kalkulasi ya Kwanza, HRD 2101 ni Stadi za Mawasiliano, SZL 2111 ni ile ya UKIMWI ambayo kila fresha anapitia. Wageni wakiona 2 mbele wanadhani ni mwaka wa pili. La! Ile 2 ya mbele ni ya digrii ya kwanza, mwaka unausoma kwenye tarakimu ya PILI. Ndiyo maana wahandisi wa umeme wakifika mwaka wa tano wanakuwa na EEE 25 na kitu.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho ni kingine, wao ni tofauti: UCU ni yuniti za chuo kizima, UCU 100 ndiyo Stadi za Mawasiliano. Nairobi kwa miaka mingi ilikuwa CCS 001. Yuniti moja, jina moja, vyuo 3, kodi 3, na vyote viko mwendo wa matatu moja au mbili kutoka katikati ya jiji.

Na kwetu kuna ule ugonjwa wa alama kupotea. Mtu amefanya paka (CAT, majaribio ya katikati ya semista) na mtihani, lakini alama hazionekani. Sitasema zote ni kosa la mwanafunzi, maana si kweli. Lakini baadhi nimeziona kwa macho yangu: komredi, yaani mwanafunzi mwenzetu, ameandika kwenye karatasi ya mtihani kodi ya kikundi kingine, au ametia sahihi kwenye orodha ya yuniti yenye jina linalofanana. Karatasi inaenda kwa mhadhiri asiyekujua. Angalia kodi kwenye karatasi kabla ya kuandika jina lako.

#6 Kijana_wa_Wandegeya

Makerere nafikiri ndiyo rahisi kuliko zote, na sisemi hivyo kwa sababu nipo hapa. Tarakimu 4: ya kwanza mwaka, ya pili semista. CSC 2100 ni kompyuta, mwaka wa pili, semista ya kwanza. CSC 1214 ni mwaka wa kwanza, semista ya pili. Ukichukua transkripti yangu unaweza kuipanga upya hata ikichanganyika.

Ila ukiwa na yuniti ya kurudia, kodi inakukumbusha kwa ukali. Ya semista ya pili haiji semista ya kwanza. Ukiikosa, unasubiri mwaka mzima. Ningejua hivyo mapema ningeipa CSC 1214 usiku zaidi.

#7 Mzazi_Singida

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mwanangu amemaliza mwaka wa kwanza hapa nchini na anataka kuhamia chuo cha Marekani, amepata mfadhili. Wamemwambia masomo yake "yatalinganishwa". Je, wakiona kodi zake zinaanza na 1 na za kwao zinaanza na 1, si watazikubali tu?

#8 Karani_wa_Transkripti

Shikamoo mzee. Hongera kwa mwanao. Hapa naomba niandike kwa kirefu, maana ndipo watu wanapopoteza mwaka mzima.

Hapana, hawatazikubali kwa namba. Marekani kwenyewe namba hazikubaliani. Ile 101 maarufu, ambayo siku hizi watu wanaitumia kwa maana ya somo la utangulizi la jambo lolote, kamusi kubwa ya Oxford ya Kiingereza inaipata mwaka 1929 kwenye orodha ya kozi za Chuo Kikuu cha Buffalo. Vyuo vingi vya kule vina mtindo huo: 100 kwa wanaoanza, 200, 300, mpaka 400 kwa wanaomaliza, 500 na kuendelea ni uzamili. Lakini nenda Berkeley: namba 1 mpaka 99 ndizo za miaka ya mwanzo, 100 mpaka 199 ni za miaka ya juu, 200 na kuendelea ni uzamili. Anayechukua kozi ya 104 ya hisabati pale akidhani ni ya mwaka wa kwanza atakutana na uchambuzi wa hisabati wenye uthibitisho mtupu, siku ya kwanza.

MIT hawatumii hata herufi kwa idara, wana namba. 8 ni fizikia, 18 ni hisabati, 6 ni umeme na kompyuta. Kalkulasi ya kuanzia ni 18.01. Na hata wao mwaka 2022 waliipanga upya idara yao ya 6, namba za zamani zikabadilika.

Yapo majimbo yaliyojitahidi kuweka utaratibu mmoja. Texas wana namba za pamoja zenye tarakimu 4: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni krediti, yaani kipimo cha uzito wa kozi. MATH 2413 ni Kalkulasi ya Kwanza, na ile 4 inakwambia ni krediti 4. HIST 1301 ni ya krediti 3. Florida nao kalkulasi hiyohiyo ni MAC 2311, na kozi ya maabara inabebeshwa herufi L mwishoni. Mimi mtindo wa Texas naupenda kuliko yote niliyoiona, kwa sababu mwanafunzi wa chuo kidogo cha wilaya anajua kabla hajaanza kwamba kozi yake itatambulika chuo kikubwa. Natamani Afrika Mashariki tungekuwa na kitu cha namna hiyo. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Leo kijana akihama kutoka kimoja kwenda kingine anaanza kubishania kozi moja moja kama mtu anayedai mali yake mwenyewe.

Turudi kwa mwanao. Watakachoangalia ni vitu 2: yaliyomo kwenye kozi, na krediti. Yaliyomo yanatoka kwenye silabasi. Mwambie akusanye silabasi ya KILA kozi aliyofanya, yenye kodi, jina, mada za wiki kwa wiki na vitabu, na aziombee muhuri wa idara kabla hajaondoka. Akishakuwa ng'ambo, kuzipata ni shida kubwa.

Krediti ndiyo inayowachanganya watu zaidi ya kodi. Hapa kwetu, kwa utaratibu wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kuhesabu darasani, maktaba, kazi za nyumbani, vyote. Mwaka ni krediti 120, shahada ya miaka 3 ni 360. Uingereza hesabu ni ileile, 120 kwa mwaka. Ulaya, wanaotumia ECTS, mfumo wao wa pamoja wa krediti, mwaka ni 60, kwa hiyo miaka 3 ni 180. Marekani shahada nzima ya miaka 4 kwa kawaida ni 120, takriban 30 kwa mwaka, kwa sababu wao krediti inafuata saa ya darasani kwa wiki katika semista nzima.

Kwa hiyo mzee, kozi ya krediti 12 hapa si mara 4 ya kozi ya krediti 3 ya Marekani. Kwa hesabu ya sehemu ya mwaka, zinalingana: 12 ni sehemu ya kumi ya 120, na 3 ni sehemu ya kumi ya 30. Mwanao akijaza fomu kwa kuandika 120 bila maelezo, mtu wa kule anaweza kudhani ameshamaliza shahada, au kwamba kuna udanganyifu. Aambatanishe ukurasa wa prospektasi unaoeleza krediti ya chuo chake ni nini.

#9 Yombo_4

Nilitaka kuuliza kuhusu zile zinazoanza na sifuri. Komredi ametaja CCS 001 ya Nairobi. Marekani si chini ya 100 ni zile za kuziba pengo, hazihesabiwi?

#10 Karani_wa_Transkripti

Umeona mbali mkuu. Vyuo vingi vya Marekani kozi zilizo chini ya 100 ni za kumwandaa mwanafunzi, hazihesabiwi kwenye shahada. Sasa fikiria anayetoka Nairobi na CCS 001 kwenye transkripti. Kwake ilikuwa ya lazima, imebeba alama, imeingia kwenye wastani. Msomaji wa kule akienda kwa macho tu anaweza kuiweka kapuni. Barua fupi ya idara inayosema "hii ni kozi ya lazima ya shahada" inaiokoa.

Na mtu asidhani namba ndogo ni wepesi, au namba kubwa ni ugumu. Kozi za mwaka wa kwanza zimewapeleka watu wengi kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio, kuliko za mwaka wa tatu, kwa sababu ukumbi una mamia ya watu na hakuna anayejua kama umeelewa au la. Ukiona 1 mbele usilegeze mkanda.

#11 Binti_Fesi_Yea

Kaka mleta uzi, shikamoo. Mimi nimesoma uzi huu jana usiku bwenini nikafungua akaunti yangu ya usajili palepale. Kozi 7. Nikaziweka pembeni ya prospektasi kama ulivyosema, ukurasa wa programu yangu. Sita ziko sawa. Ya saba herufi zilezile, jina lilelile, namba inapishana kwa 1. Nimetetemeka. Dirisha la kuongeza na kupunguza kozi linafungwa Ijumaa. Niende wapi kwanza, kwenye mfumo au idarani?

#12 Karani_wa_Transkripti

Marahaba mdogo wangu. Usiguse mfumo kwanza. Nenda kwa mratibu wa programu yako, idara yako na si idara inayofundisha hiyo kozi, ukiwa na prospektasi mkononi, akuthibitishie kodi sahihi. Ndipo utoe ya makosa na uingize sahihi, kwa mpangilio huohuo, na uchapishe fomu ya usajili yenye tarehe. Halafu muulize mwakilishi wa darasa wangapi wengine wamefuata mkumbo.

#13 Binti_Fesi_Yea

Nimetoka idarani sasa hivi. Imebadilishwa, fomu ninayo. Mwakilishi wa darasa amepita na prospektasi bweni zima: tulikuwa 11.